Mgeni Aliyekataa Soseji

Mgeni alikataa soseji ya bure, na hapo ndipo Darlene alipojua kwamba huyu si mtu wa hivi hivi.

Katika uwanja wa besiboli wa Wapello Bend, hakuna aliyewahi kukataa cha bure. Lakini bwana huyu, shati jeupe lililonyooshwa likanyooka, alikaa peke yake nyuma ya wavu, pale pale mpira unapoingia, saa ya kubonyeza mkononi. Darlene akakiacha kibanda chake cha soseji wazi, akamkimbilia kocha.

"Kocha, amekuja!"

"Nani?"

"Mtu wa ligi kuu! Amemfuata Colby!"

Kocha Pruitt akameza mbegu za alizeti pamoja na maganda yake.

Mji mzima ulikuwa ukimngoja mtu huyo. Colby Rasmussen, mpigaji kijana wa timu ya Kambale, alikuwa ameuwasha moto mwezi wa Julai. Akipiga tu, mpira unaruka ukuta na kutua katika shamba la mahindi la jirani, hata jirani akaanza kulima amevaa helmeti. Redio ya mji ilimtangaza kila asubuhi, kabla ya bei ya nguruwe. Colby mwenyewe alishafanya mazoezi ya kuhojiwa na televisheni mbele ya kioo cha choo. Na Pruitt, aliyezeekea ligi ndogo akilala kwenye mabasi, alijua kwamba kijana akipanda, huenda wakubwa wakauliza nani alimfunza.

"Colby," akasema, "chana nywele. Halafu ukapige."

Colby akachana nywele. Kupiga ndiko kulikogoma.

Zamu yake ya kwanza aliuacha mpira wa mwisho upite, akiamini umekwenda pembeni, akaanza kutembea kwa madaha kwenda kujichukulia kituo cha kwanza bure.

"Straiki! Umetoka!" sauti ikamrudisha: mpira ulikuwa halali, na zamu yake imekwisha.

Mwamuzi alikuwa Emmett Szymanski, mtu mrefu asiye na maneno mengi. Watu wa Wapello Bend walimjua vizuri, maana kila alipokuja walimtukana.

"We Emmett, macho umeyasahau gesti?"

"Marehemu bibi yangu anaona kukushinda!"

Pruitt akatoka kulalamika kidogo, kama ilivyo desturi. Mgeni, ambaye tangu afike hakuonyesha dalili ya uhai, akainama mbele. Kisha akamwita Darlene.

"Samahani, mama. Kocha wenu ndivyo alivyo siku zote?"

"Hivyo? Baba wee, leo amepoa! Ungekuwepo Jumanne!"

"Ningefurahi kumwona akipamba moto," mgeni akasema.

Darlene alirudi mbio hata kofia ikamvuka.

"Kocha, si Colby peke yake! Anakutaka na wewe! Anapenda makocha wenye moto!"

Pruitt akafumba macho. Akaiona hoteli yenye lifti. Akaliona taulo nene, jeupe, ambalo hakuna mwenziwe aliyelitumia. Mkewe alikuwa akimwambia kila Krismasi arudi nyumbani wauze matrekta.

"Anataka moto," akasema taratibu. "Basi atauona."

Mechi ikaelekea ukingoni, Kambale wako nyuma, wachezaji wao wamejaa vituo vyote, na Colby akasimama tena na gongo lake. Mpira wa mwisho ukaja. Colby akautazama, akauacha.

"Straiki! Umetoka!"

Gongo likaenda upande huu, helmeti upande ule. Pruitt alikuwa tayari yuko uwanjani.

"Emmett, wewe ni msiba! Msiba wenye miguu!"

"Mpira ulipita ndani, kocha."

"Ndani ya nini? Ndani ya kichwa chako kitupu?"

Akamrushia vumbi kwenye viatu. Akaking'oa kituo cha kwanza, akakivurumisha kwa watazamaji. Akarudi, akalala chali juu ya kibao cha nyumbani, pale anaposimama mpigaji, akaonyesha kwa kidole mahali mpira ulipopita, akimtupia mgeni jicho la pembeni. Colby naye hakutaka kuachwa nyuma. Akamwekea mwamuzi kifua, akamwita kipofu, akageuza uso upande wenye mwanga mzuri. Watu wakasimama. Karanga zikanyesha, moja ikampata Emmett sikioni.

Emmett akaitoa.

"Kocha, nimekusikia," akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza kahawa. "Maliza kujipumzisha, kisha utoke uwanjani. Na wewe, kijana, umfuate. Asante."

Akatoa brashi yake ndogo, akapangusa kibao, akamwita mpigaji mwingine.

Mgeni akabonyeza saa yake. Kwa mara ya kwanza tangu mchana, akatabasamu.

"Umeona?" Pruitt akamnong'oneza Colby wakitoka. "Umeona meno yale?"

Kambale walifungwa, na hakuna aliyejali. Kwenye korido ya vyumba vya kubadilishia nguo, Pruitt alisimama akiwa ameoga, amefunga tai aliyoazima kwa mtangazaji wa redio. Colby alikuwa na begi begani. Darlene alikuwa akilia waziwazi.

"Usitusahau, mwanangu."

"Siwezi, shangazi. Nitawataja kwenye televisheni."

Mgeni akatokea. Pruitt akanyoosha mkono. Mgeni akaushika haraka haraka, akampita, akampita Colby, akagonga mlango wa stoo ya mifagio, ambamo mwamuzi alikuwa akibadilisha nguo.

Emmett akafungua, kiatu kimoja mguuni, vumbi hadi magotini.

"Bwana Szymanski? Natoka ofisi ya waamuzi wa ligi kuu. Pakia vitu vyako. Ijumaa unaanza kazi kwetu."

Kisha akamgeukia Pruitt.

"Na wewe, kocha, asante sana. Bila wewe ningelazimika kurudi tena kesho."