Karanga za Mashavuni

Zamani mvua zilipogoma, wanyama walikubaliana kufunga, na chakula cha anayefunga apewe jirani mwenye njaa. Buku, panya mwenye mifuko mashavuni, alifunga kwelikweli, akakonda. Ila karanga zake alizibana mashavuni, isije Mungu akachelewa.

"Baba Buku," jirani yake Mama Panya alimlilia, "mwanangu anazimia. Huna hata karanga moja?"

Buku akatikisa kichwa. Angefungua kinywa, zingemwagika.

Mtoto akafa. Kaburini wakamsimamisha Buku aombe, maana ndiye aliyekonda kuliko wote. Kwa uchungu akajisahau.

"Ee Bwana, vyote tulivyo navyo ni vyako..."

Karanga zikaporomoka kaburini.

Mama Panya alishuka kaburini. Aliinama, akaziokota, akazisogeza mdomoni mwa mwanawe.