Namba Ishirini na Tatu

Zawadi ya mahudhurio ya mwaka wa kwanza ilimwendea Sajal Talukdar, ambaye kwa miezi mitatu hakukanyaga darasani.

Orodha ya washindi ilibandikwa Jumapili asubuhi, siku nne kabla ya Siku ya Idara ya Sayansi ya Kompyuta. Juu kabisa walikuwepo vijana wa mwaka wa tatu walioshika nafasi ya pili Dhaka, kwenye mashindano ya kuandika programu. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: "Hakukosa kipindi hata kimoja: namba 23."

Labib, wa darasa moja na Sajal, alicheka mpaka akashika ukuta. "Ridwan, ndugu yangu, hongera! Wewe mwenyewe umekosa siku mbili, yeye hata moja!"

Kweli tupu. Siku hizo mbili Ridwan alikuwa na homa. Majina yalipoitwa, Labib alimwitikia Sajal, akasahau kumwitikia Ridwan mwenyewe.

Kuitikiana si jambo geni pale. Asiyetimiza robo tatu ya vipindi haruhusiwi kufanya mtihani, na Mwalimu Shamsun huita namba bila kuinua macho kwenye daftari. "Ishirini na tatu!" Ridwan huinamisha kichwa, huikaza sauti, hujibu: "Nipo!" Ikifika ishirini na tisa, namba yake mwenyewe, hujibu tena kwa sauti aliyopewa na Mungu.

Lakini mbele ya orodha ile Ridwan hakucheka. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Sajal alitoka kijiji cha mbali huko Sunamganj, ambako nusu ya mwaka nyumba huzungukwa na maji. Hakuwahi kugusa kompyuta. Siku ya kwanza maabara, alipokuwa akisaka herufi moja moja kwa kidole kimoja, Ridwan alisema kwa sauti ya kusikika na wote, "Jamani, mwacheni kuku adonoe!" Darasa likaangua kicheko. Tangu hapo Sajal akawa Kuku. Jaribio la kwanza alipata sifuri, nayo ikabandikwa ubaoni pamoja na jina lake.

"Nitawatazamaje watu wa kwetu?" alimwuliza Ridwan jioni ile chumbani kwao bwenini. "Kijiji kizima kilinisindikiza mpaka kwenye boti."

"Utazoea tu, bwana," Ridwan alijibu, macho kwenye simu.

Kesho yake Sajal alikunja blanketi lake, akafunga begi. "Natoka mara moja. Niitikie."

Simu yake haikupatikana tena. Ridwan akajua kijana amerudi kwao kupoza moyo, na akaona haya kumtafuta. Angemtafuta amwambie nini? Kumwitikia kulikuwa rahisi kuliko kumwomba radhi. Basi akaitikia, kila siku, kwa bidii ya mtu anayelipa kafara.

Sasa arobaini za mwizi zilikuwa zimetimia. Ofisi ilikwisha kumwandikia mzazi barua ya pongezi, na kumwalika aje kushuhudia mwanawe akipewa cheti.

"Hebu fikiria," Labib alisema. "Mzee anakula wali na mwanawe mezani miezi mitatu, halafu anaambiwa mtoto hajakosa kipindi! Huyo anakuja na fimbo. Na mtihani mtausikia redioni, wewe na Kuku wako."

"Usimwite Kuku."

"Si wewe uliyempa jina?"

Ridwan akageuka, akaondoka. Kufungiwa mtihani yeye, alijiambia, ni haki yake. Kilichomkosesha raha ni Sajal, kuaibishwa mara ya pili na mtu yule yule.

Alhamisi ukumbi ulijaa maputo, na harufu ya biriani ilizagaa mpaka uani. Ridwan alisimama mlangoni. Saa nne akaingia mzee mwembamba mwenye kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, akiwauliza watu kwa upole kama huo ndio ukumbi wa kompyuta. Masikio yake yalikuwa yale yale ya Sajal. Fimbo hakuwa nayo. Alikumbatia boksi la vitamutamu vya maziwa, limefungwa kwa uzi mwekundu. Ridwan akachungulia nyuma yake, kumwangalia Sajal kama amejibanza getini.

Miguu ilitaka kukimbia. Akamwendea.

"Shikamoo, mzee. Mimi ni Ridwan, nalala chumba kimoja na Sajal."

Uso wa mzee ukachangamka. Akamshika mkono. "Marahaba, mwanangu! Asante kwa kukaa vizuri na mwenzio."

"Usinishukuru, mzee."

Akayamwaga yote pale pale, macho chini: kile kidole kimoja, lile jina, kicheko cha darasa zima, na namba ishirini na tatu kila asubuhi ya Mungu. "Hajaingia darasani tangu wiki ya pili. Sauti ilikuwa yangu. Usimgombeze, nakuomba, kosa ni langu. Ukifika nyumbani mwambie arudi tu. Mtihani ni mwezi ujao, nitamfundisha mwenyewe, na kumwomba radhi nitamwomba mbele ya watu wote."

Mzee hakukasirika. Alikuwa bado ameushika mkono wa Ridwan, akimtazama kama mtu aliyesikia vibaya.

"Nyumbani?" alisema. "Mwanangu, Sajal simu yake haipatikani, mama yake halali. Mara tatu nimetaka kwenda polisi. Lakini kila wiki nikipiga simu hapa ofisini, wanafungua daftari, wananiambia: tulia mzee, mwanao leo asubuhi alikuwepo."