Mkoma wa Kukatwa

"Chagua mkoma mmoja tu, mama," alisema afisa wa misitu, shoka begani. "Tuupasue, tupime wanga wa chakula ulio ndani ya shina. Hapo tutajua ipi ya kuvunwa na ipi ya kuachwa."

Apua aliitazama mikoma ya marehemu mumewe, mitende ya nyikani iliyosimama kando ya mto Turkwel. Katika ukame wa mwaka jana, unga wa makoma yake ndio uliowavusha watoto.

"Mpe ule tasa!" majirani walipaza sauti. "Tangu uote haujazaa hata koma moja!"

Apua aliuendea. Chini yake aliokota shada la maua makavu, na vumbi la manjano likamganda vidoleni.

"Huu si tasa, ni dume. Ukianguka huu, ile mingine itazaa na nani?"

"Ai, Apua! Wewe miaka yote huna dume, mbona hukauki?" jirani mmoja alimtania.

Apua alicheka kuliko wote. Kisha akafanya ishara ya msalaba, akamwonyesha afisa mkoma uliolemewa na makoma mabichi.

"Kata huo, baba. Wenzake wabaki na mume."