Leso ya Mama Mkwe

Ya Mama Nguchiro mmeyasikia? Mwenyewe hapendi yasemwe. Yeye ana mdomo usiopumzika, na mama mkwe wake ana tumbo lisiloshiba mayai. Bibi huyo alipotangaza kuja kula Idi, Mama Nguchiro akataka safari hii wapatane. Akawapa wanawe kitambaa cheupe, manjano na makaa, wamtengenezee bibi yao leso.

"Pindoni choreni maua," akasema, "na katikati andikeni maneno ya kumkaribisha." Akarudi jikoni kwenye sambusa zake.

Bibi alipofika, watoto wakamkunjulia leso mlangoni, mbele ya majirani wote. Katikati, kwa herufi nyeusi zilizopinda, imeandikwa: BIBI KAJA, FICHENI MAYAI.

Mama Nguchiro akatamani ardhi immeze. "Nani kawafundisha maneno haya, nyie?"

"Si wewe mwenyewe, mama!" wakajibu kwa furaha. "Ndivyo unavyosema kila Bibi akipiga hodi. Tukajua ndiyo karibu yake."

Majirani wakaziba midomo. Bibi akaisoma leso, akaisoma tena, kisha akacheka hadi akakaa chini.

"Mkwe wangu," akasema, akijifunga leso kiunoni, "miaka yote nilidhani nyumba hii mayai hayaingii! Haya wajukuu, yako wapi?"

"Uvunguni!" wakaitikia, wakamvuta mkono.

Mama Nguchiro afanyeje? Akabandika sufuria, naye akacheka. Bibi huivaa leso ile kila arusi, akiringa kwamba hakuna mwingine aliyeandikiwa umbeya kwa maua mazuri vile.