Kwaya ya Watu Arobaini

Kila Jumatano baada ya masomo, msichana wa safu ya pili alifungua mdomo wake wima, kama mtu anayetaka kuingiza yai zima, akaufunga, akaufungua tena. Alijua kila neno la wimbo. Alijua pa kuvuta pumzi. Sauti hakuitoa.

Ilianza wiki ya kwanza ya mwaka, mwalimu wa muziki alipowaita wanakwaya ofisini kwake mmoja mmoja kupima sauti. Zamu yake ilipofika, aliimba mstari mmoja. Mwalimu akaondoa vidole kwenye kinanda.

"Binti, sauti yako ni bawaba isiyotiwa mafuta," alisema bila ukali. "Lakini unasimama vizuri, na majaji wanapenda uso kama wako. Sikufukuzi. Utafungua mdomo tu. Hili ni la mimi na wewe. Siku nikikusikia, au nikisikia umemwambia mwenzako, unatoka."

Nje, waliokwisha kupimwa walikuwa wamekaa kimya kwenye benchi. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Kujitoa hakuweza. Nyumbani alikuwa amekwisha kujitangaza, na bibi yake aliyemlea, ambaye macho yake yalikuwa yamezimika kabisa, alikuwa amewaambia majirani wote kwamba "mke mwenzake", kama alivyomwita mjukuu wake kwa utani, sasa ni mwimbaji. Kumrudisha nyuma bibi huyo kulikuwa kazi ngumu kuliko kufumba na kufumbua mdomo kwa mwaka mzima.

Kwaya ilikuwa na wanafunzi wanne walioitwa Nguzo, mmoja katika kila safu. Mwalimu aliwapa maji ya uvuguvugu kutoka kwenye chupa yake mwenyewe. Katika safari walipanda gari lake, huku wengine wakibanana kwenye basi la shule. Nguzo mmoja alipopata mafua, mazoezi ya wiki nzima yalifutwa. Chumba cha muziki kilikuwa kidogo na chenye mwangwi, na kinanda kiliunganishwa na spika mbili kubwa. Kwaya ikianza, vioo vya madirisha vilitetemeka. Msichana alisimama katikati ya ngurumo hiyo akitazama mbele. Kugeuza shingo kulikuwa marufuku.

Kwa kinanda na spika zilezile walishinda raundi ya kwanza, wakashinda nusu fainali. Kwenye basi, wakati wa kurudi, kila mtu alilalamikia koo lake. Jirani yake wa safu, ambaye kwa majigambo yake walimwita Tarumbeta, alimumunya pipi ya kifua na kutangaza kwamba ameimba mpaka mapafu yamegeuka nje ndani. Kisha akamgeukia.

"Na wewe je? Au wewe ni wa kutusindikiza?"

Msichana alijibu kwamba koo lake linawaka moto, akaomba pipi. Akapewa moja, na wote wawili wakamumunya kwa makini kama wagonjwa.

Fainali iliwadia mwishoni mwa mwaka, na bibi akasema lazima aende. Mjukuu alijaribu kumkatisha tamaa kwa ngazi za ukumbi, kwa jua, kwa msongamano. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mke mwenzangu, wenye macho watakuona mdomo," alisema. "Mimi nitakujuaje? Mume wetu, Mungu amrehemu, aliimba kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi, na katika umati wa watu mia nilimjua kwa hilohilo. Uniharibie wimbo ukitaka, lakini nisikie kwamba ni wewe. Nikikukosa, sitakuuliza. Nitajua ulinidanganya."

Usiku huo msichana alipiga hesabu yake. Ubeti wa kwanza, kwa sauti yake yote. Katika watu arobaini, mmoja mbovu hawezi kuua wimbo. Akifukuzwa, na afukuzwe, mwaka umekwisha.

Asubuhi ya fainali gari la mwalimu wa muziki liliharibika njiani, likiwa na Nguzo wote wanne. Basi lilikuwa limekwisha kufika. Waandaaji walikataa kungoja. Mwalimu alimpigia simu makamu wa mkuu wa shule, aliyekuja na basi, mara tatu, akimsihi kwaya isipande jukwaani kabisa, afadhali waandikwe kwamba hawakufika. Makamu, mwalimu wa hesabu, alimwambia kwamba wasanii wana woga mwingi, akakata simu. Kisha akawageukia wanafunzi.

"Kanuni inataka watu thelathini. Sisi tuko thelathini na sita. Wanne wakikosekana ndiyo kwaya imekufa? Pandeni."

Walipanda. Kinanda hakikuwa na mpigaji, kwa hiyo wangeimba bila kinanda. Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka milangoni. Bibi alikuwa ameketishwa kiti cha mbele kabisa, kichwa amekiinamisha upande mmoja, sikio limeelekea jukwaani.

Makamu aliinua mkono kama mtu anayetaka kuchora mstari ubaoni, akaushusha.

Msichana alivuta pumzi, akaimba kwa nguvu zake zote.

Sauti ilikwenda mpaka ukuta wa nyuma, ikarudi ikiwa vilevile, imepinda na kukwaruza. Alingoja sauti za wenzake ziifunike. Mstari wa kwanza ukaisha, wa pili ukaanza. Mtu fulani gizani akacheka. Ndipo, kwa mara ya kwanza mwaka ule, akageuza shingo.

Kulia, kushoto, safu ya mbele, safu za nyuma, Tarumbeta akiwa mmoja wao, midomo thelathini na mitano ilikuwa ikifunguka na kufungika kwa pamoja, bila kukosea hata neno moja, na hakuna hata mmoja uliotoa sauti.