Vidole Vinne Juu ya Simba

Mgongoni mwa simba kulikuwa na alama za vidole vinne, na havikuwa vya Mwanaidi.

Simba huyo Mwanaidi alikuwa amemchora kwenye ngozi ya kibeti cha kizamani, cha kuning'iniza kwenye mkanda, kwa mteja wa Kensington, hapa Joburg, anayependa kuvaa kama askari wa kale wa Ulaya. Ngozi aliilowesha ili ikubali nakshi, akaiacha mezani, akafunga chumba na kushuka kununua nta. Ngozi ikiwa imelowa, hata ukucha ukiigusa alama haitoki.

Vidole vitatu vilikuwa vizima. Cha nne kiliishia katikati, mviringo kama kifungo cha koti.

Kidole hicho cha mumewe Mwanaidi alikifunga kitambaa yeye mwenyewe, kule Tanga, siku mashine ya mkonge ilipokikata. Vipigo vya mkono huohuo ndivyo vilivyomfanya Mwanaidi aondoke bila kuaga.

Aligusa alama. Ngozi ilikuwa bado baridi, bado laini.

"Jirani," aliita kupitia ubao unaotenganisha vyumba vyao, "nani ameingia kwangu?"

Msusi Mkongo wa upande wa pili alicheka. "Eish, dada! Kumbe uko na bwana na unatuficha? Amekutafuta Joburg nzima, maskini. Ameenda spaza, kile kiduka cha hapo mtaani, kununua mkate."

"Mlango niliufunga."

"Nilimfungulia na ule ufunguo wako wa akiba."

Mwanaidi aliishika nyundo. "Nirudishie, tafadhali."

"Nimemwachia yeye. Si ni kwake pia?"