Geti la Zambia

Sekela alisafiri kutoka Mbeya na binti yake Atupele hadi Morogoro, kuangalia fainali ya Kombe la Afrika kati ya Tanzania na Zambia. Uwanja ulijengwa ndani ya kiwanda cha nguo kilichokufa zamani, na sheria ilikuwa moja: kila shabiki hukaa upande wa nchi alikozaliwa. Geti lilisoma kiganja cha Sekela, likafunguka. Kwa Atupele liligoma.

"Huyu kazaliwa Kitwe," mlinzi alisema. "Aende geti la Zambia."

"Nilijifungulia safarini! Ana miaka minane, kaka yangu. Hata hapajui huko."

"Mama, unawazuia wenzako."

Mhudumu akamshika mtoto mkono, wakaondoka.

Sekela hakuona mpira. Muda wote alikodolea macho jukwaa la pili, akitafuta kichwa kimoja kati ya maelfu, na kumfokea kila mhudumu aliyepita.

Zambia ilishinda. Nje, Atupele alimkimbilia, sauti imemkauka kwa kuimba. Sekela akamkumbatia akilia kwa hasira. Mtoto akampigapiga mgongoni.

"Poleni, mama," alisema kwa upole. "Mtatufunga siku nyingine."